Nani Aliyelitia Tembo Maji?

Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji imekwisha tumiwa vibaya kupita kiasi. Madarasani, mimbarini na hata maofisini, kila atokeapo msanii aliyepanda juu kisha akashuka, methali hiyo hutolewa upesi kama muhuri ugongwao juu ya jalada ili jalada lifungwe na karani aende nyumbani. Haiulizwi tena ni nani aliyemiliki mnazi, wala ni nani aliyepokea fedha za tembo, wala ni nani aliyeshika ufunguo wa ghala ilimowekwa mitungi. Aliyesifiwa ni mgema. Basi mkosaji ni mgema.

Miongoni mwa majalada yaliyofungwa kwa muhuri huo limo la Elvis Presley, mwimbaji wa roki wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1935 na kufa tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na umri wa miaka 42. Vijana wetu husimuliwa habari zake hivi: alikuwa maskini, akapata sifa na mali, sifa zikamlevya, akanenepa, akazoea madawa, akafa. Mimi ni mpenzi wa nyimbo za mtu huyu tangu ujana wangu. Nalitamka jambo hili bila haya, ijapokuwa ni mtunzi wa mashairi ya vina na mizani na mtumishi wa serikali aliyekaribia kustaafu. Na kwa kuwa ni mpenzi wake, sikubali jalada lake lifungwe kabla halijasomwa. Nashikilia kwamba sauti ya Elvis haikuporomoka. Kilichoporomoka ni kazi ambayo sauti hiyo ilipewa kuifanya, na waliompa kazi hiyo wanajulikana kwa majina, kwa mikataba na kwa asilimia.

Alizaliwa Tupelo, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba yake, Vernon, aliijenga kwa fedha za mkopo. Pacha wake alizaliwa maiti. Elvis alipokuwa mtoto wa miaka mitatu baba yake alifungwa jela kwa kosa la kughushi hundi, na nyumba ile ikawatoka mikononi. Walikuwa Wazungu, lakini Wazungu wa tabaka la chini kabisa, na waliabudu katika kanisa la Kipentekoste ambamo kuimba hakukuwa pambo la ibada. Kulikuwa ndiyo ibada yenyewe. Mwaka 1948 jamaa hii ilihamia Memphis, katika jimbo la Tennessee, na baadaye ikapata makazi katika nyumba zilizojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Kijana alimaliza shule ya sekondari mwaka 1953 (na huo ndio mwisho wa masomo yake, kama ulivyo mwisho wa yangu), kisha akawa dereva wa lori la kampuni ya mafundi wa umeme. Elimu yake ya muziki aliipata kanisani, redioni, na katika mitaa ya watu weusi wa Memphis.

Usiku wa tarehe 5 Julai 1954, katika studio ndogo ya Sam Phillips, walikuwa wamehangaika kwa saa kadhaa na nyimbo za polepole bila ya kupata kitu. Wakapumzika. Katika mapumziko hayo Elvis akaanza, kwa mzaha, kuuchangamsha wimbo wa Arthur Crudup, mwimbaji mweusi wa bluzi, ambao Crudup mwenyewe alikuwa ameurekodi mwaka 1946. Bill Black akadakia kwa besi, Scotty Moore akafuata kwa gitaa, ngoma haikuwapo. Phillips akawaomba waanze upya ili apate kuinasa sauti ile. Siku chache baadaye mtangazaji mmoja wa redio ya Memphis aliupiga wimbo huo mara nyingi katika usiku mmoja, akamwita kijana studioni, na miongoni mwa maswali aliyomwuliza mbele ya wasikilizaji ni hili: alisoma shule gani? Swali lile lilikuwa na makusudi yake. Mwezi Mei wa mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba, lakini shule za Memphis zilikuwa bado zimetengwa. Kwa hiyo jina la shule lilitosha kumjulisha kila aliyedhani kwamba anamsikia mtu mweusi kuwa kumbe anamsikia Mzungu.

Hapo ndipo anaposimama mshitaki wa kwanza. Wapo wasomi wasemao kwamba Elvis hakuinuka wala hakuporomoka, kwa kuwa hakuwa na chake: alikuwa mwizi wa sanaa ya watu weusi. Shitaka hili ni zito, na asiyelijali hajui historia ya Marekani. Willie Mae Thornton, mwanamke mweusi mwenye sauti ya kutikisa kuta, aliurekodi wimbo wa "Hound Dog" mwaka 1952, na mwaka 1953 ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za watu weusi; mwenyewe alieleza kwamba malipo yake hayakupita dola 500. Mwaka 1956 wimbo huo huo ukaimbwa na Elvis, ukauzwa kwa mamilioni. Naye Arthur Crudup alifariki mwaka 1974 bila ya kupata haki kamili ya nyimbo alizozitunga, kwa sababu haki hizo zilikuwa zimeandikwa kwa namna iliyomnufaisha mtu mwingine tangu siku ya kwanza. Ngozi nyeupe ya Elvis ilimfungulia milango iliyofungwa kwa Thornton na Crudup. Ukweli huu haufutiki.

Lakini mwizi huficha mahali alipoiba, na Elvis hakuficha. Mwaka 1956, alipokuwa kijana wa miaka 21 na magazeti yakimsonga, alimweleza mwandishi wa gazeti mjini Charlotte kwamba watu weusi walikuwa wakiimba na kupiga muziki ule kwa miaka mingi kabla yake, na akamtaja Crudup kwa jina. Kusema maneno hayo katika majimbo ya Kusini, mwaka ule, kulihitaji ama ujasiri ama unyofu mkubwa. Tena, msomaji akiufuata mkondo wa fedha ataona kwamba fedha ya Crudup haikuishia katika mfuko wa Elvis peke yake. Iliishia kwa mawakala, kwa wachapishaji wa nyimbo na kwa kampuni za santuri. Mtindo uliomnyang'anya Crudup mwanzoni mwa habari hii ndio uliomnyang'anya Elvis mwishoni mwake. Wasomi wetu wakiishia kwenye rangi, na wasiufikie mkataba, watakuwa wamemshitaki mpagazi na kumwacha mwenye mzigo.

Mwenye mzigo aliitwa Kanali Tom Parker. Ukanali wake ulikuwa wa heshima tu, aliopewa na gavana wa Louisiana mwaka 1948. Hata jina halikuwa lake: alizaliwa Breda, Uholanzi, mwaka 1909, akaitwa Andreas van Kuijk, akaingia Marekani bila ya kibali akiwa kijana, na asili yake hiyo akaificha kwa miaka mingi. Kazi yake ya awali ilikuwa katika maonyesho ya kutembea, yale ya mahema, wanyama na vitendawili vya kuwalaghai watu wa mashambani. Mwezi Novemba 1955 mkataba wa Elvis ulinunuliwa na kampuni ya RCA kwa dola 35,000, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa kwa mwimbaji wa namna yake, na Parker ndiye aliyeusimamia mpango huo. Tangu hapo mwimbaji akawa na mwenyewe.

Tarehe 9 Septemba 1956 Elvis alionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 60. Wahubiri walimlaani, wazazi walilalamika, na Januari 1957 kamera za kipindi hicho hicho zikaamriwa zimwonyeshe kutoka kiunoni kwenda juu, ili miguu isionekane. Nawaomba walimu waikumbuke miaka hiyo vizuri, 1956 na 1957. Wakati walinzi wa maadili walipokuwa wakipiga kelele, ndipo Elvis alipokuwa akiimba vizuri kuliko wakati mwingine wowote wa ujana wake. Baadaye alikwenda jeshini (1958 hadi 1960), akampoteza mama yake Agosti 1958, akarudi amevaa suti na nywele zimekatwa, akaimba na Frank Sinatra katika televisheni. Walinzi wa maadili wakaridhika. Akawa kijana mwema. Na huo ndio mwanzo wa uharibifu! Kama wangekuwa na masikio, wangelia mwaka 1962, si mwaka 1956.

Maana toka mwaka 1956 hadi mwaka 1969 alicheza filamu 31, na katikati ya miaka ya sitini zilitoka hata tatu kwa mwaka. Hadithi ilikuwa ile ile: gari au mashua, pwani, msichana anayekataa kisha anakubali, na kila baada ya dakika chache wimbo. Hapa naomba msomaji asiende haraka, kwa sababu ndipo penye kiini cha insha hii. Nyimbo hizo mbovu zilitoka wapi?

Wimbo unapouzwa huzaa mirabaha ya namna mbili. Moja ni ya yule aliyeuimba na kampuni iliyoutoa. Nyingine ni ya mtunzi na mchapishaji wake. Watu wa Elvis, pamoja na kampuni ya uchapishaji ya Hill and Range, waliweka kanuni: mtunzi atakaye wimbo wake uimbwe na Elvis na auache upande mmoja wa haki zake. Katika miaka ya hamsini watunzi walikubali, kwa kuwa nusu ya wimbo wa Elvis ilizidi wimbo mzima wa mtu mwingine. Lakini mwaka 1964 vijana wa Beatles walitua Marekani na nyimbo walizozitunga wenyewe, na baada yao mtunzi mwenye kipaji hakuwa tena na sababu ya kumgawia mtu jasho lake. Walio bora wakaondoka. Waliobaki ni wale waliokuwa tayari kutunga kwa kipimo, kama fundi akataye kitambaa bila ya kumwona mvaaji. Hata kabla ya hapo Elvis alikuwa amekwisha pewa kuimba wimbo wa uduvi, na mwingine wa kulalamika kwamba ndani ya gari la mashindano hakuna nafasi ya kucheza rumba. (Sisi wa Afrika Mashariki, tuliolelewa na rumba, hatukuhitaji filamu ya Hollywood kutueleza kwamba haichezwi ndani ya gari.) Mtunzi yeyote wa mashairi anajua aibu ya kuisoma hadharani beti asiyoiamini. Mtu huyu alifanya hivyo kwa karibu miaka saba mfululizo, kwa mkataba.

Kanuni hiyo haikufa hata baada ya filamu kwisha. Mwaka 1974 Dolly Parton alikuwa ametunga na kuimba "I Will Always Love You", na Elvis akautaka. Parker akadai nusu ya haki za uchapishaji. Bibi yule, aliyekuwa akimpenda Elvis kama wengi wetu, alikataa, na ameeleza mara nyingi jinsi alivyolia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba wimbo huo katika filamu, ukaenea dunia nzima, na mtunzi akala matunda ya mti aliokataa kuukata. Elvis hakuuimba kamwe katika santuri. Basi tuseme ni nani aliyeukosa wimbo: mwimbaji aliyelewa sifa, au mwimbaji aliyewekewa mlinzi mlangoni anayedai kiingilio kwa kila wimbo upitao?

Yafaa nitoe ushahidi wa upande wa pili, wa mahali ambapo mlinzi huyo hakuwa na nguvu. Nyimbo za dini Elvis alizichagua kwa moyo wake, na nyingi zilikuwa za zamani alizozijua tangu kanisani. Katika uhai wake alipata tuzo za Grammy tatu kwa uimbaji. Zote tatu, za mwaka 1967, 1972 na 1974, ni za nyimbo za dini. Kwa nyimbo za roki hakupata hata moja!

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa mwaka 1968. Shirika la televisheni la NBC lilitaka kipindi maalumu, na mdhamini alikuwa kampuni ya Singer, ndiyo ile ile ya vyerehani tunavyovijua barazani kwa mafundi wetu. Parker alitaka Elvis asimame aimbe nyimbo za Krismasi, ashukuru, ashuke. Mwongozaji, Steve Binder, kijana ambaye hakuwa amefundishwa kumwogopa kanali, alikataa. Mwezi Juni Elvis akaketishwa juu ya jukwaa dogo la mraba, amevaa ngozi nyeusi, watazamaji wamemzunguka karibu hata wa kumgusa, na pembeni yake Scotty Moore na mpiga ngoma wake wa zamani, D. J. Fontana. (Bill Black alikuwa amekwisha fariki mwaka 1965.) Wakaambiwa wacheze tu, waseme, wacheke, wakosee.

Nimekitazama kipindi hicho mara nyingi kuliko ilivyo adabu kwa mtu wa umri wangu kukiri. Kinachonishangaza kila mara ni woga wake katika dakika za kwanza: mkono unamtetemeka, anatania ili asionekane. Ni mtu anayejiuliza kama chombo chake bado kinalia. Kisha anaingia katika nyimbo zake za zamani, na sauti inatoka nzito, yenye kutu na hasira, sauti ambayo haikusikika katika filamu hata moja. Aliifungia wapi miaka yote hiyo? Na mwisho wa kipindi, mahali pa wimbo wa Krismasi alioutaka kanali, aliimba wimbo mpya uliotungwa na Walter Earl Brown katika majonzi ya mwaka ule, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa mjini Memphis kwenyewe tarehe 4 Aprili, na Robert Kennedy akafa kwa risasi tarehe 6 Juni. Kipindi kilionyeshwa tarehe 3 Desemba 1968. Mgema yule yule, aliyesifiwa kwa miaka kumi na minne, aliachwa peke yake na mnazi kwa siku chache tu, na tembo likatoka kali.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1969, alirekodi mjini Memphis kwa Chips Moman, akizungukwa na wapigaji wa kule kule nyumbani. Hapo ndipo zilipopatikana "In the Ghetto" na "Suspicious Minds". Hata hapo wachapishaji walifika kudai kipande chao katika wimbo huo wa pili, na Moman akawaambia kwamba kama ni hivyo kazi isimame. Wakarudi nyuma. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na ukawa wa mwisho wa Elvis kufika hapo katika uhai wake. Hakurekodi tena kwa Moman. Mtu aliyekataa kutoa kipande hakualikwa mara ya pili.

Yaliyofuata nayapitia upesi, kwa sababu hayana muziki wa kutosha kuyasimamisha. Toka tarehe 31 Julai 1969 aliimba katika hoteli moja kubwa ya Las Vegas, mara mbili kwa usiku, majuma kadhaa mfululizo, mwaka baada ya mwaka hadi Desemba 1976, zaidi ya mara 600. Parker alikuwa mcheza kamari mkubwa katika hoteli hiyo hiyo. Msomaji na aunganishe mwenyewe. Ulaya ilimwita, Japani ilimwita. Hakwenda. Nje ya nchi yake hakuwahi kufanya maonyesho popote isipokuwa katika miji mitatu ya Kanada mwaka 1957, na sababu itolewayo na wengi waliochunguza ni kwamba Parker, asiye na uraia wala pasipoti, aliogopa kuvuka mpaka. Mfalme wa roki alifungwa nchini mwake kwa ajili ya karatasi za mtu mwingine. Na mwezi Machi 1973 wakaiuzia RCA haki ya mirabaha ya nyimbo zote alizozirekodi hadi wakati huo, kwa dola milioni 5.4, na karibu nusu ya fedha hizo ikaenda kwa Parker. Toka mwaka 1967 mkataba ulikuwa umekwisha mpa wakala huyo nusu ya faida katika sehemu kubwa ya biashara zao. Nimesoma mikataba mingi katika utumishi wangu, na nimewahi kukuta shairi langu limechapishwa na watu bila ya jina langu wala senti moja, kwa hiyo najua kidogo uchungu wa mambo haya. Lakini mkataba wa mtu kuuza ujana wake wote na masikio ya wajukuu zake kwa mkupuo mmoja sijapata kuuona mwingine.

Mshitaki wa pili, mlinzi wa maadili, atasema: na madawa je? Roki ndiyo iliyomfundisha madawa. La hasha. Madawa yaliyomwua Elvis yaliandikwa kwa kalamu ya daktari na kutolewa kwa mizani ya duka la dawa. Katika miezi minane ya mwisho wa maisha yake aliandikiwa zaidi ya dozi 10,000 za dawa za usingizi, za kutuliza maumivu na za kumwamsha. Alihitaji kulala baada ya onyesho la usiku wa manane na kuamka kwa ajili ya onyesho la kesho yake, kwa sababu mkataba haukujua usingizi. Mtu huyo huyo, tarehe 21 Desemba 1970, alikwenda Ikulu ya Marekani kumwona Rais Nixon na kuomba beji ya idara ya kupambana na madawa ya kulevya, akapewa. Watu huicheka habari hii. Mimi siioni kuwa ya kuchekesha. Aliamini, kama wanavyoamini wengi wetu, kwamba madawa ni yale ya wahuni mitaani, na kwamba kidonge chenye jina la daktari juu ya chupa hakihesabiki.

Nayaandika haya kwa walimu wa Tanzania kwa sababu sisi nasi tumewahi kuuhukumu muziki kwa mahali ulikotoka. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam, na mabishano yaliyofuata magazetini yalikuwa makali: je, ni muziki wa mabeberu, au ni muziki wa ndugu zetu weusi waliopelekwa utumwani? Yalikuwa mabishano ya maana. Lakini katika mabishano ya namna hiyo husahauliwa swali la nani anamlipa mwimbaji, na kiasi gani, na haki ya wimbo imeandikwa jina la nani. Tulikuwa na wapiga dansi hodari, nyimbo zao zikajaza redio kwa miongo mingi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikatungwa mwaka 1999, wakati wengi wao wamekwisha zikwa. Roki nayo si mgeni kabisa kwetu: Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na wimbo alioutunga mwaka 1979 kwa mtindo wa Elvis ulifika nafasi ya kwanza huko huko Marekani. Tofauti ni kwamba bendi yake ya Queen ilipigania mikataba yake mapema, ikajitoa mikononi mwa wasimamizi wake wa kwanza, na nyimbo ikazichagua yenyewe.

Je, sisi wapenzi wa Elvis hatuna hatia? Tunayo, na hapo methali ile inapata ukweli wake mdogo. Filamu alizojaribu kuigiza kwa dhati, zenye nyimbo chache, hazikuleta fedha nyingi. Filamu ya "Blue Hawaii" ya mwaka 1961, yenye mawimbi na mashada ya maua, ilileta, na santuri yake ikakaa juu ya orodha ya Marekani kwa majuma 20. Parker hakuhitaji kubishana na Elvis. Alimwonyesha hesabu tu. Hesabu hizo zilikuwa ni sisi. Wapenzi walinunua wimbo wa uduvi kwa bei ile ile ya wimbo wa 1956, wakapiga makofi yale yale. Mshabiki asiyechagua humnyima mwimbaji silaha ya pekee ambayo angeweza kumnyooshea mwenye mali, nayo ni kusema, "Watu wangu hawataki hiki." Elvis hakuwa na la kusema.

Hukumu yenyewe ilikuja akiwa kaburini. Mwaka 1980 mahakama ya Memphis ilimteua mwanasheria, Blanchard Tual, kulinda maslahi ya binti yake, Lisa Marie, aliyekuwa bado mtoto. Akaipitia mikataba yote, akaona kwamba nusu aliyoichukua Parker ilipita kiasi cha haki, na kwamba mauzo ya mwaka 1973 yalimdhuru mwenye sauti. Mwaka 1981 mahakama ikaamuru malipo kwa Parker yasimame, na mwaka 1983 pande zote zikapatana nje ya mahakama. Parker akaendelea kuishi Las Vegas, akafa mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 87. Mahubiri juu yake sijayasikia.

Na sauti? Mwezi Juni 1977, majuma manane hivi kabla ya kufa, televisheni ya CBS ilimpiga picha katika maonyesho mawili, Omaha na Rapid City. Ni picha ngumu kuzitazama: uso umevimba, jasho linamtiririka, maneno yanamponyoka. Lakini tarehe 21 Juni, pale Rapid City, aliketi kwenye piano, mtu mmoja akamshikia kipaza sauti, akapiga kinanda mwenyewe na kuimba "Unchained Melody". Mwili haukuweza tena kusimama vizuri, sauti ilisimama. Ilipanda hadi noti ya mwisho bila ya kuomba msaada wa mtu, na alipomaliza akatabasamu kama mtoto aliyepatia hesabu ubaoni. Kipindi kilitangazwa tarehe 3 Oktoba 1977, mwenyewe akiwa amekwisha zikwa. Jasho lilionyeshwa, uvimbe ukaonyeshwa, na maneno yaliyomponyoka yakaonyeshwa. Wimbo ule wa kwenye piano waliukata.